Ncha Isiyopigwa Tupa

Mchimba kisima huingia mwenyewe, walisema wahenga. Wahenga hawakupata kufanya upelelezi Jinja. Hapa mchimba kisima haingii. Humtia mwenzake, akafukia, akajipangusa mikono, kisha akaja kituoni kuandikisha maelezo kama shahidi, na pingu akavishwa mwenye koleo.

Mwenye koleo huyo alikuwa mahabusu kwa siku ya kumi na tisa sasa. Aliitwa Isabirye, Msoga wa Budondo, fundi wa mabomba ya maji machafu. Ijumaa, tarehe ishirini na nane Novemba 1997, angefikishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kumuua Alfayo Okware, mtunza stoo wa hosteli iliyokuwa ikijengwa Mpumudde. Mwisho wa kosa hilo ni kamba. Leo ilikuwa Jumanne, na Sajini Gorreti Amongin, mpelelezi wa kesi hiyo, alikuwa amesimama mbele ya meza ya mkuu wake akiwa na gunia lililolowa.

"Faili imeiva," alisema Afande Romano. "Maiti imekutwa wapi?"

"Chini ya bomba, afande."

"Mtaro kachimba nani?"

"Isabirye."

"Bomba kalaza nani?"

"Isabirye."

"Kafukia nani?"

"Isabirye na msaidizi wake, afande. Lakini..."

"Hapo kwenye 'lakini' ndipo mnapomalizia petroli ya serikali."

Gorreti alilifungua gunia hata hivyo. Alitoa kipande cha bomba la plastiki la inchi nne, chenye urefu wa hatua mbili, na soketi mbili, zile pete pana zinazounganisha ncha ya bomba na ncha ya jingine. Ndani ya kila soketi mlikuwa na raba ya kuzuia maji. Raba zote mbili zilikuwa zimejikunja na kutafunika upande mmoja, kama kiatu kilichoshindana na mbwa.

"Tarehe tatu Oktoba," alisema, "mkaguzi aliujaza mstari huu maji kutoka chemba ya juu hadi chemba ya chini. Yakakaa saa nzima bila kupungua. Ndipo wakafukia. Alfayo ameonekana mara ya mwisho Jumamosi, tarehe kumi na moja. Kwa hiyo mtaro ulifunguliwa tena, bomba likakatwa, maiti ikatiwa chini yake, bomba likarudishwa. Kama soketi hizi zisingevuja na kuchuruzisha maji mpaka kwenye barabara, Alfayo angelala pale mpaka Kiyama."

"Vizuri. Basi Isabirye aliufungua tena."

"Yeye au mwingine, afande. Aliyefanya hivi ana akili. Mtu akichimba akafika kwenye bomba husimama. Hakuna anayechimba chini ya bomba."

"Na nani anayejua bomba linapita wapi kama si aliyelilaza?"

"Hata Bwana Herbert anajua. Ndiye msimamizi wa ujenzi."

Romano alilivuta faili kifuani kama mtu aliyeguswa mfuko. "Herbert ni shahidi wetu. Ndiye aliyesikia Isabirye na Alfayo wakigombana stoo. Na anaimba kwaya moja na mke wangu. Usinichafulie shahidi. Ile damu yako ya kwenye soketi imefikia wapi?"

Gorreti hakutaka kuulizwa hilo. Ndani ya kila soketi, karibu na ukingo, alikuwa ameona doa jekundu. Wiki mbili alisubiri jibu kutoka kwa wapimaji wa Kampala, wiki mbili Romano akitembea kituoni akisema damu imepatikana. Barua ilikuwa imefika asubuhi hiyo, mistari miwili tu.

"Si damu, afande. Ni rangi."

"Rangi!" Romano alicheka bila furaha. "Sikiliza, Amongin. Yule msaidizi, Gidudu, alitoroka tarehe kumi na mbili, siku moja baada ya Alfayo kupotea. Nenda Mbale, umlete. Ijumaa nataka wawili kizimbani. Si mmoja na rangi."

Kabla ya kuondoka Gorreti alipita mahabusu na kipande cha bomba mkononi. Isabirye, mtu mwembamba mwenye mikono mikubwa kuliko mwili wake, alikipokea kupitia kwenye nondo. Hakuangalia raba wala doa. Alipitisha dole gumba kwenye ncha iliyokatwa, akakunja uso kama aliyeonja dawa.

"Hii hapana mimi, afande."

"Kila aliyemo humu anasema hivyo."

"Hapana! Hii... hii mutu hapana jua kazi. Angalia hii. Hii hapa!" Alimshika Gorreti kidole, akakipitisha kwenye ukingo. Ulikuwa mkali, una mikwaruzo ya msumeno. "Mimi iko na tupa. Kila siku tupa. Hii hapana tupa!"

"Tupa ndiyo nini hapa? Nieleze vizuri."

Isabirye alifungua mdomo. Kiswahili chake kikaishia hapo. Kilichofuata kilikuwa Kisoga kitupu, kirefu, cha haraka, na Gorreti, Mteso kutoka wilaya ya Kumi, hakuambulia hata neno. Askari wa zamu aliyejua Kisoga alikuwa likizo. Gorreti alisimama pale akisikiliza utetezi wa mtu ukimwagika sakafuni mbele ya macho yake, na hana chombo cha kuukinga.

"Gidudu," alisema Isabirye mwishoni, akimrudishia bomba. "Gidudu najua. Uliza yeye."

*

Jumatano saa nne asubuhi Gorreti alikuwa Malukhu, Mbale, mlangoni kwa shemeji yake Gidudu.

"Gidudu? Yuko Busiu kwao," alisema shemeji, bila kuacha kupepeta mchele. "Tangu msiba."

Busiu, kwenye barabara ya Tororo, alifika saa sita na nusu na viatu vilivyojaa tope. Aliona migomba, na nyuma ya migomba kaburi jipya ambalo udongo wake bado haujashuka. Bibi mmoja alimpa kiti, akampa maji, akamwacha anywe yote ndipo akasema, "Gidudu alirudi Malukhu juzi. Kapata kazi."

"Malukhu wapi, mama?"

"Malukhu ile ile."

Saa tisa alasiri alimkuta. Alikuwa kiunoni ndani ya mtaro, nyuma ya nyumba ya tatu kutoka kwa yule shemeji. Asubuhi Gorreti alikuwa ameruka mtaro ule ule.

"Mulembe, afande," alisema Gidudu akijifuta jasho. Alikuwa kijeba wa miaka arobaini mwenye uso wa mtu asiyejua kuwa anatafutwa. "Leo umepita hapa. Nikasema, huyu mama askari ana haraka ya wapi?"

Gorreti alikaa kwenye rundo la udongo. Pingu alizokuja nazo zilimchoma mfukoni. "Mbona ulikimbia Jinja?"

"Kukimbia? Mimi nilikwenda kumzika baba. Injinia Herbert mwenyewe alinipa ruhusa. Nilimwomba siku mbili. Akasema, nenda leo leo, kaa mwezi mzima, kazi ya mabomba imekwisha. Nikasema, leo kafiri kasilimu!" Alicheka, kisha akaona Gorreti hacheki. "Kuna nini?"

Alimwambia. Gidudu alitoka mtaroni polepole, akakaa. Alfayo walikuwa wakila naye mihogo kila siku.

"Umeniambia kaburi la Busiu umeliona," alisema mwishowe. "Basi unajua nilikuwa wapi. Huyo Isabirye, haiwezekani. Nionyeshe kitu."

Gorreti alitoa soketi na kipande cha bomba. Gidudu aligeuza soketi mara moja tu, akatia vidole ndani.

"Hii si yetu."

"Unajuaje?"

"Afande, mabomba tuliyolaza kila moja lina mdomo mpana upande mmoja. Unaanzia chemba ya chini, unapanda. Ncha ya hili inaingia mdomoni mwa lile, mdomo ukielekea juu, maji yanakotoka. Ukifika chemba ya juu umemaliza. Mstari mpya hauhitaji soketi hata moja." Alimpa Gorreti soketi. "Tena tia kidole. Soketi ya kawaida ina ukingo katikati, bomba likifika hapo linagota. Hii haina. Unaisukuma yote juu ya bomba moja, unaweka kipande chako kwenye pengo, halafu unaiteleza irudi ishike pande zote mbili. Hii ni ya kurekebishia bomba lililokwisha fukiwa. Jinja hatukuwahi kuipata. Mwaka jana tulisaka mpaka tukachoka."

"Na ncha? Isabirye alipiga kelele za tupa mpaka akanitoa kijasho."

Gidudu alitabasamu kwa mara ya kwanza tangu asikie habari. "Huyo na tupa yake! Ukikata bomba kwa msumeno, ukingo unabaki mkali. Ukiusukuma hivyo hivyo kwenye raba, unaibeba, unaikunja, inatafunika. Itavuja. Lazima kwanza upige tupa kuzunguka, ncha iinamie ndani kidogo, halafu upake sabuni. Isabirye alikuwa ananirudisha nyumbani nikisahau. Nenda Mpumudde, afande, fungua chemba zote mbili, angalia kila ncha aliyoikata yeye. Zote zimechongwa kama penseli."

Gorreti alikuwa amekwisha ziona. Alizipiga hata picha, picha nane, zimelala ndani ya faili, na hakujua anatazama nini. Alijipiga paji la uso kwa kiganja.

"Soketi kama hii nikitaka leo, naipata wapi?"

"Mbale hii? Kwa mama mmoja tu. Hajarah, karibu na msikiti. Ukichelewa anafunga, anakwenda kuswali."

*

Alikuta mlango nusu umefungwa. Hajarah, mama mnene mwenye kucha zilizopakwa rangi nyekundu ya kung'aa, alikuwa akining'iniza kufuli.

"Tumefunga, mwanangu. Njoo kesho."

"Mama, ni polisi."

"Basi njoo kesho kutwa."

Gorreti hakubishana. Aliweka soketi juu ya kaunta, doa jekundu likiwa juu. Hajarah alilitazama, akatazama kucha zake, na Gorreti naye akazitazama. Wiki mbili za Kampala zilikuwa pale, kwenye vidole vya muuza duka.

"Hiyo yangu," alisema Hajarah. "Nazitia alama zote. Watu wa hapa wananunua kwangu nzima, wanarudisha mbovu za duka jingine. Nani kakupa?"

"Ulimuuzia nani?"

"Polisi na mimi hatujuani, mwanangu. Ninyi mkiingia dukani hata mende wanahama." Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha ichukua soketi, na kidole kimegusa raba. Uso ukabadilika. "Ya Rabi! Nani kaifanya hivi? Huyu... Nilimwambia! Nilimwambia, piga tupa, paka sabuni! Nilimwonyesha hapa hapa, juu ya kaunta hii, mara mbili!"

"Nani, mama?"

"Bwana mmoja wa penseli sikioni. Alikuja mwezi wa kumi, Jumapili, kanikuta nimefungua kidogo tu. Kachora kitu kwenye pakiti ya sigara, hata jina lake halijui. Nikamwambia wewe si fundi. Akasema, 'Mimi ni injinia.' Injinia! Hajui soketi inaingiaje! Nikimwambia tupa ananiangalia kama namwambia apike. Imevuja, sivyo?"

"Imevuja, mama. Ndiyo maana tukampata mtu chini yake, amekufa. Na Ijumaa fundi mwingine atashitakiwa kwa ajili yake. Njoo Jinja kesho, umtazame huyo injinia."

Hajarah alitikisa kichwa. "Siendi. Mahakama si yangu, maiti si yangu. Nina duka."

Gorreti alianza kuirudisha soketi mfukoni. Alikuwa amechoka, na uchovu ukamfundisha la kusema. "Kale, mama, basi. Nitaandika tu kwamba soketi ilinunuliwa kwa Hajarah wa Mbale, ikavuja."

Kufuli likalia juu ya kaunta.

"Utaandika nini? Soketi ya Hajarah haivuji! Kavujisha yeye! Saa ngapi hiyo kesho?"

*

Alhamisi saa nane mchana, Herbert alikuwa ofisini kwa Romano akinywa chai, suruali ina mkunjo wa pasi, penseli sikioni. Alikuwa amekuja kutia sahihi maelezo yake ya mwisho. Gorreti aliingia na gunia lake. Nyuma yake askari alimleta Isabirye, pingu mikononi.

"Gidudu yuko wapi?" aliuliza Romano.

"Mtaroni Malukhu, afande. Hana kosa."

"Nilikutuma ulete mshitakiwa!"

"Naomba dakika tano."

Hakusubiri jibu. Alipanga mezani, juu ya maelezo ya shahidi, mabomba mawili yaliyokatwa asubuhi hiyo kwa msumeno, soketi mbili mpya, kipande cha sabuni ya mche na tupa.

"Hii ni ofisi au karakana?" Romano alikuwa amesimama.

"Mfungue huyu," Gorreti alimwambia askari. "Isabirye, unganisha."

Isabirye alisugua vifundo vya mikono. Kisha, bila kutazama mtu, mkono wake ukaenda kwenye tupa kabla ya kitu kingine chochote. Alizungusha bomba pajani, krr, krr, krr, vumbi la plastiki likamwangukia miguuni. Alijaribu ukingo kwa dole gumba. Akapiga tena. Akapaka sabuni, akasukuma, na soketi ikapanda bila kelele.

"Sasa Injinia," alisema Gorreti. "Na wewe."

Herbert aliweka kikombe. "Sajini, mimi nasimamia. Kazi ya mikono ina watu wake."

"Ni bomba tu, Herbert," alisema Romano kwa kuchoka. "Fanya huyu mwanamke atuache."

Herbert alicheka, akachukua bomba, akalisukuma kwenye soketi. Halikuingia. Akasukuma kwa nguvu, uso ukamjaa damu, mpaka likaingia kwa mkwaruzo. Tupa ilikuwa umbali wa shibiri moja kutoka mkononi mwake. Gorreti aliivuta soketi, akaikung'uta. Raba ilikuwa imekunjika, imetafunika upande mmoja. Akaiweka kando ya zile mbili zilizotoka kaburini mwa Alfayo. Romano aliinama, akaziangalia zote tatu, muda mrefu.

"Hiyo haithibitishi kitu," alisema Herbert.

"Peke yake haithibitishi," alikubali Gorreti, akafungua mlango.

Hajarah hakusubiri kukaribishwa. Aliingia na mkoba wake, akamwona Herbert, akapiga viganja kofi moja kubwa.

"Ehe! Injinia! Nilikwambia nini kuhusu tupa?"

"Mama, mimi sikujui."

"Hunijui? Umenitoa kwenye dua yangu Jumapili, nikakuonyesha mara mbili kama mtoto wa chekechea, umekwenda umeharibu, sasa hunijui? Unaniharibia jina Jinja nzima! Watu waseme soketi ya Hajarah inavuja, kwa sababu ya mtu asiyejua hata kupaka sabuni!"

"Sabuni nilipaka!" Herbert alikuwa amesimama. "Raba zako ndizo mbovu! Uliniuzia..."

Penseli ilikuwa imeanguka ndani ya chai.

Hakuna aliyesogea isipokuwa Isabirye, ambaye alikuwa ameliokota bomba la Herbert na kuanza kulipiga tupa, taratibu, kama mtu anayefunga mlango alioukuta wazi.

"Jumapili," alisema Romano. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Jumapili tarehe kumi na mbili hukuja kwaya. Mke wangu alikuulizia."

Herbert alikaa. Alipozungumza, alizungumza na kikombe. Alfayo alikataa kutoa stoo yale mabomba membamba ya maji ya paa, ambayo Herbert alitaka yafukiwe kwenye mstari mwingine, chini ya barabara ya malori, mahali pa yale mazito. Alisema atamwendea mwenye hosteli Jumatatu. Hilo tu. Lilikuwa neno la Jumamosi jioni, na kulikuwa na koleo karibu.

Askari aliyemleta Isabirye ndiye aliyemtoa Herbert, kwa pingu zile zile.

Romano alilifunga faili, akalifungua, akalifunga. Alipoinua kichwa alikuwa amempata mtu wa kumkasirikia.

"Amongin. Umeidharau amri yangu. Nilikutuma mshitakiwa, umeniletea muuza duka. Umemfungua mahabusu bila idhini. Umenidhalilisha ofisini kwangu, mbele ya raia. Utaandika barua ya kuomba radhi, iwe mezani kabla ya saa kumi na moja."

Gorreti alikuwa akikusanya vitu vyake ndani ya gunia. Alifikia bomba lililokuwa mkononi mwa Isabirye, akaliacha. Fundi alikuwa hajamaliza.

"Siandiki, afande."

"Basi sema hapa hapa, kwa mdomo, yaishe."

"Sisemi."

"Amongin!"

"Mtu huyu amelala sakafuni siku ishirini na moja," alisema Gorreti, "na siku ya kwanza tu angepewa bomba na tupa angekuwa kwao Budondo. Siombi radhi. Leo siombi, na kesho usiniulize."